Fisi Muuza Kompyuta na Shukrani za Pimbi

Ngano, ngano!

—Ilete tuitafune.

Ina mfupa ndani.

—Tutaguguna.

Haya, guguneni taratibu, maana mwenye mfupa ni Fisi.

Hapo kale, lakini si kale sana, maana mtandao ulikuwa umeshafika, Fisi alifungua duka la kompyuta za mtumba. Duka lenyewe halikuwa na mlango wala kaunta. Lilikuwa ndani ya simu za wanyama: picha moja ya kompyuta inayong'aa, na chini yake maneno, "Imetumika kidogo. Tuma pesa, mzigo unakufuata. Mali ikishauzwa hairudishwi." Wanyama wakatuma pesa. Mizigo ikawafuata kweli. Waliofungua walinyamaza, maana nani angethubutu kwenda kudai kwa Fisi?

Na Fisi alikuwa mchoyo kupindukia. Minofu yake aliifunga gazeti akaificha kwenye maboksi yale yale ya biashara, ndugu zake wasije wakaiona. Njaa ikimshika anarukia boksi lolote, ng'wafu ng'wafu, akimaliza hakumbuki amekula lipi na amebakiza lipi.

Sasa Pimbi, yule mdogo wa kwenye majabali, alikuwa amepata nafasi ya kusomea ufundi wa umeme wa jua. Masomo yalikuwa ya mtandaoni, na mwalimu alisema wazi: simu haitoshi, na asiyeonekana Jumatatu kwenye kompyuta, nafasi yake anapewa mwingine. Pimbi aliitaka nafasi hiyo mpaka usingizi ukamruka. Pango la kwao lilikuwa giza tangu bibi yake hajazaliwa. Akatuma akiba yake yote kwa Fisi.

Brrrm, pikipiki ikaleta boksi. Pimbi akalifungua. Akakuta gazeti. Ndani ya gazeti, tofali.

Pimbi akalia. Nisiwafiche, alilia sana. Halafu akavuta kamasi, na alipovuta kamasi akasikia harufu. Akanusa boksi. Nyama. Akanusa tena. Nyama kweli. Hapo akaacha kulia.

Akalifunga tofali kwenye gazeti lake, akalibandika boksi vizuri kama lilivyokuja. Kisha akaandika chini ya ile picha ya Fisi, kila mtu aone: "Asante sana, Bwana Fisi. Nilichokikuta sikukitegemea. Kizito, kimefungwa gazeti. Mungu akuzidishie."

Fisi akasoma. Tumbo likanguruma, nguru nguru. Kizito? Gazeti? Huo si mnofu wangu? Akatoka mbio, chege chege chege, mpaka jabalini.

"Hodi, dada Pimbi. Kuna kosa limefanyika. Nirudishie boksi langu."

"Karibu, Bwana Fisi. Lakini si umeandika mwenyewe kwamba mali ikishauzwa hairudishwi?"

"Basi tubadilishane. Nakuletea kompyuta."

"Lete tuijaribu."

Chege chege chege, akaleta kompyuta. Pimbi akabonyeza. Kimya.

"Hii imekufa, Bwana Fisi."

Chege chege chege, akaleta nyingine. Pimbi akabonyeza. Kimya.

"Hii imekufa ikazikwa. Basi, niache na boksi langu."

Mate yakamdondoka Fisi, cho, cho, cho. Akakimbia kwake, akarudi na kompyuta yake mwenyewe, ile ya kwenye picha, ile anayotangazia biashara. Pimbi akabonyeza. Tiiing. Mwanga ukamulika mpaka ndani ya pango.

"Inataka neno la siri, Bwana Fisi."

Fisi akainamisha kichwa. "Nyama," akanong'ona.

Pimbi akaandika, ikafunguka. Fisi akanyakua boksi, akalirarua pa pa pa, akararua na gazeti. Akakutana na tofali lake.

"Umenidanganya wewe!"

Lakini Pimbi alikuwa ameshajipenyeza na kompyuta kwenye ufa wa jabali, pale ambapo Fisi hata pua haipiti. Sauti ikatoka ndani, tena kwa upole: "Nimekudanganya wapi? Nilisema kizito, kinyanyue. Nilisema kimefungwa gazeti, lisome."

"Nirudishie kompyuta yangu!"

"Bwana Fisi, mali ikishauzwa hairudishwi."

Jumatatu mwalimu aliita majina, Pimbi akaitika. Mpaka leo anasoma. Juzi amefunga taa yake ya kwanza pangoni, na bibi yake akakaa chini yake akiitazama tu, anaitwa kula hataki. Fisi duka limefungwa, hana cha kulitangazia. Tofali lake analo.

Funzo la ngano hii, wanangu, ni adabu. Ukinunua kitu mtandaoni ukaletewa tofali, usilalamike hata kidogo. Shukuru.

Ngano nimeimaliza, mfupa nawaachia.

—Tunaguguna.