Kiboko Aliyeshinda Tuzo Zote

Hadithi!

— Hadithi njoo!

Ije mbio au ije polepole?

— Ije polepole, tuiote!

Na uongo nao?

— Uje umepakwa asali!

Haya, sogeeni. Mwenye usingizi amwegemee jirani yake, maana hadithi hii husikika vizuri zaidi macho yakiwa yamefumbwa nusu.

Hapo kale, wanyama walikuwa na runinga. Msinicheke. Mnadhani runinga ilianza kwenu? Runinga yao ilikuwa kidimbwi. Juu ya kidimbwi palikuwa na mwamba, na jioni, upepo ukishalala, maji yalitulia tuli, yakawa kioo. Waigizaji walisimama mwambani, sura zao zikashuka majini, miguu juu, vichwa chini, zikielea elea kama vitu vya ndotoni. Wanyama wote walikaa ukingoni wakatazama majini. Kule mwambani hakuna aliyetazama. Ya mwambani waliyaona kila siku; ya majini ndiyo yaliyokuwa matamu.

Kila jioni kulikuwa na kichekesho kimoja, nyumba ileile, watu walewale. Kiliitwa Jirani Kaja na Njaa. Kanga aliigiza mama mwenye chungu. Chura aliimba wimbo wa kufungulia. Kinyonga aliigiza pazia, na siku ukuta ukihitajika, akawa ukuta. Naye Kiboko ndiye alikuwa Jirani mwenyewe, yule anayekuja kuomba chumvi na kuondoka amemaliza chungu. Akisema neno moja tu, ukingo mzima ulivunjika mbavu. Kwa-kwa-kwa! Hi-hi-hi!

Lakini Kiboko alikuwa na kichwa kikubwa ambacho ndani yake hamkukaa neno hata moja. Maneno yote yalikuwa ya Pimbi, yule mama mdogo wa majabalini asiye na mkia. Mchana aliyatunga. Jioni alijipaka tope, akajibanza nyuma ya sikio la Kiboko, akamnong'oneza. Watazamaji walidhani ni kinundu. Pimbi akinong'ona, Kiboko ananguruma. Pimbi akinong'ona, Kiboko ananguruma. Hakufikiri kabla ya kusema. Afikiri kwa nini, na Sikio yupo? Ndivyo alivyomwita: Sikio. Jina lake hakulijua, wala hakuwahi kuliuliza.

Basi kila mwaka, majani yakianza kukauka, zilitolewa Tuzo za Kidimbwi. Tuzo ilikuwa kibuyu cha asali, kimejaa mpaka shingoni, na asali hiyo ndiyo iliyowavusha waigizaji kiangazi. Na ilikuwa mila kwamba mshindi haondoki na kibuyu mpaka ashukuru. Kila anayetajwa jina katika shukrani anakuja, anachota kiganja kimoja, analamba au anapeleka nyumbani. Walisema shukrani isiyoonjwa ni upepo.

Mwaka wa nyuma Kiboko alivichukua vibuyu vyote. Akasimama mwambani, akanguruma maneno aliyoamuru anong'onezwe: "Najishukuru mimi mwenyewe!" Akalamba peke yake. Kiangazi kikaja kikali, na Pimbi akamzika mwanawe chini ya jiwe. Na yeye ndiye aliyeyanong'ona maneno yale. Jambo hilo lilimuuma kila alipopanda sikioni.

Mwaka huu alikuwa na mapacha, na majani yalikuwa yameshaanza kukauka.

Akaja Korongo, mtangazaji wa tuzo, kwa miguu yake mirefu, tii, tii, tii. Akasafisha koo.

"Jirani Kaja na Njaa kinawania tuzo zote za mwaka huu! Haijawahi kutokea mara mbili mfululizo! Tuzo ya mama bora, anawania Kanga!"

Kiboko akaibuka majini. Bubu-bubu-bubu!

"Kidimbwi cha nani?"

"Chako, Bwana," wakajibu wote.

"Nikiyavuruga maji mtatazama nini?"

"Hatutatazama kitu, Bwana."

"Basi mama bora ni mimi."

Korongo akabadili mguu. "Tuzo ya wimbo bora, anawania Chura."

"Kidimbwi cha nani?"

"Chako, Bwana."

"Basi aliyeimba ni mimi."

"Tuzo ya pazia bora, anawania Kinyonga."

"Kidimbwi cha nani?"

"Chako, Bwana."

"Basi pazia ni mimi."

Kinyonga akawa mwekundu bila kuamriwa na mtu. Ikaja tuzo ya mtoto bora. Kiboko akasema mtoto ni yeye, hamwoni alivyo laini? Ikaja tuzo ya anguko bora, ya vazi bora, ya chipukizi bora. Yeye, yeye, yeye. Na tuzo ya mtunga maneno haikuwepo. Nani angeifikiria, na maneno yalitoka kinywani mwa Kiboko?

Watu walipotawanyika, Kiboko akatikisa sikio. "Sikio! Kesho nitasema yaleyale ya mwaka jana."

"Ndiyo, Bwana," akasema Pimbi.

Akaenda nyumbani. Akawakuta mapacha wamelala, kila mmoja ananyonya kidole cha mwenzake. Pimbi akalia mpaka akapitiwa na usingizi. Akaota kidimbwi kimegeuka asali. Wanyama wote wako ukingoni wanakunywa, nzi kwa tembo, na Kiboko amesimama katikati anawanywesha kwa mkono wake mwenyewe, na anacheka. Pimbi akauliza ndotoni, "Bwana, kulikoni leo?" Kiboko akajibu, "Sijui. Nimesikia tu nikisema." Alipoamka alikuwa akitabasamu.

Jioni ikafika. Upepo ukalala. Maji yakatulia, yakawa kioo. Ukungu mwembamba ukatanda ukingoni, na vibuyu vya asali vikapangwa mwambani, vya rangi ya jua linalozama. Kiboko akapanda, du, du, du. Akatazama chini, akajiona majini, mkubwa, miguu juu, na macho yote ya nchi yamemwelekea. Kichwa kikawa kitupu kuliko siku zote. Akatikisa sikio. Maana yake: neno!

Moyo wa Pimbi ulikuwa unadunda, akahofia Kiboko atausikia. Akanong'ona: "Namshukuru Kanga."

"NAMSHUKURU KANGA!" akanguruma Kiboko.

Ukingo ukatazamana. Kisha, kwa-kwa-kwa-kwa! Jirani anashukuru! Jirani anagawa! Walidhani ni kichekesho kipya. Kanga akaja mbio, akachovya, chwap!

"Sikio," Kiboko akanong'ona kwa hasira, "umesema nini wewe?"

"Sikiliza wanavyocheka, Bwana."

Kiboko akasikiliza. Kicheko kilikuwa kinapanda kutoka ukingoni kama mvuke wa wali, kinamwingia puani, masikioni, tumboni. Hajawahi kuchekewa hivi. Macho yakaanza kumlegea.

"Kiganja kimoja si kitu," akajisemea. "Endelea, Sikio."

"Namshukuru Chura."

"NAMSHUKURU CHURA!" Kwa-kwa-kwa! Chwap!

"Namshukuru Kinyonga."

"NAMSHUKURU KINYONGA!" Hi-hi-hi! Chwap!

"Nawashukuru sisimizi, wa kichuguu hiki na cha pili."

"NAWASHUKURU SISIMIZI!" Wakaja kwa mstari, na mstari haukuwa na mwisho.

Pimbi akinong'ona, Kiboko ananguruma. Pimbi akinong'ona, Kiboko ananguruma. Akawashukuru kima na wake zao. Akawashukuru popo waliokuwa wanaamka. Akamshukuru twiga, na shingo ya twiga ikashukuriwa peke yake. Kila jina, kicheko. Kila kicheko, Kiboko anayumba kidogo, amefumba macho, anatabasamu, analewa. Hata angeambiwa ni asubuhi angekubali.

Kikabaki kibuyu cha mwisho. Pimbi akalishika sikio kwa mikono miwili. Ulimi ulimwia mzito. Maneno mangapi amekwisha kuyapitisha katika sikio hili, na hili moja hajawahi! Akawaza juu ya lile jiwe na aliyelala chini yake. Akanong'ona:

"Namshukuru Pimbi, na wanawe, na ukoo wake wote."

Kiboko akafumbua jicho moja. "Pimbi ndiye nani?"

"Mtu mdogo tu, Bwana. Huwa hali sana."

"NAMSHUKURU PIMBI, NA WANAWE, NA UKOO WAKE WOTE!"

Sauti ikaenda, ikagonga majabali, ikarudi: Pimbi... Pimbi... Pimbi... Na katika kila ufa wa jabali kikatoka kichwa kidogo. Shangazi, mabinamu, bibi asiye na meno, na mapacha wakivutana mbele. Na kile kinundu cha nyuma ya sikio la Kiboko kikasimama, kikajikung'uta tope, kikashuka kwa miguu yake. Hapo ukingo mzima ukaacha kutazama majini. Kwa mara ya kwanza waliinua macho mwambani.

"Kumbe kinundu ni mtu!" akasema Korongo.

Pimbi akakimbilia kibuyu cha mwisho. Aliwajazia wanawe viganja, akawatazama wakilamba mpaka kwenye viwiko, na machozi yakamtoka bila aibu. Kisha naye akajaza mdomo.

Kicheko kikatulia. Kiboko akafumbua macho yote mawili. Akashika kibuyu cha kwanza, akakipindua. Hamna. Akakishika cha pili. Hamna. Cha mwisho kikatoa tone moja, likamwangukia puani.

Akageuka kuukabili ukingo. Hasira imempanda, mishipa ya shingo imemvimba. Leo atawaambia! Leo watamtambua! Akafungua kinywa, wazi kama mlango wa ghala. Ukingo ukangoja.

Kinywa kikabaki wazi. Nzi akaingia, akazunguka, akatoka.

Kiboko akatikisa sikio. Akalitikisa tena. "Neno," akanong'ona. "Sikio, neno!"

Hakukuwa na mtu sikioni. Akatazama chini, na huko miguuni pake akamwona mama mdogo asiye na mkia, mashavu yamejaa asali.

"Pimbi," akasema Kiboko polepole, na hilo ndilo neno lake la kwanza la kujitungia maishani. "Nipe neno."

Pimbi akamtazama. Akatikisa kichwa. Akaendelea kumung'unya.

Basi hadithi yangu imelala. Aliyeipenda aifunike shuka, ambaye hakuipenda asiiamshe. Na mafunzo yake msiyasahau: mshukuruni kila mtu, maana shukrani haimpunguzii mtu kitu, muulizeni Kiboko. Na muwe na adabu kama ya Pimbi: mtoto mwema hazungumzi na chakula mdomoni.