Jivu Kavu Chini ya Pikapu

"Kisichodondoka jivuni, kitafute moshini." Mmemsikia shangazi yenu akiyasema hayo leo, mkaniuliza yametoka wapi. Sogeeni basi. Methali hii chanzo chake ni pikapu.

Kando ya Ziwa Nyasa palikuwa na kikundi cha akina mama wafinyanzi, na pikapu yao kuukuu ya kupelekea vyungu mnadani. Dereva wao alikuwa Subilaga, mwanamke wa kwanza kushika usukani kijijini pale, na shingo yake haikujua kuinama.

Mwaka mmoja gari likaanza kula oili. Subilaga akiijaza Jumatatu, ikifika Ijumaa kijiti cha kupimia kinatoka kimelowa nchani tu. Akasema injini imechoka. Mwenyekiti wao, Mama Atuganile, akasema tutaona.

Sasa wafinyanzi wale walikuwa na desturi yao. Chungu kikishukiwa kuvuja, hutiwa maji na kuwekwa juu ya jivu. Jivu likilowa, chungu kibovu. Jivu likibaki kavu na maji yamepungua, basi yupo aliyekunywa. Mama Atuganile akamwaga jivu chini ya pikapu siku tano. Halikupata hata tone.

Akaita kikundi kizima. "Gari halivuji. Kuna mtu anaikinga oili yetu anaiuza. Lete ufunguo, mwanangu."

Ufunguo ule ndio uliokuwa heshima ya Subilaga. Akaufumbata.

"Nitakupa, mama. Ila kwanza twende mlimani, wewe ukae nyuma, huku kwenye vyungu."

"Nikae nyuma, na kiuno hiki?"

"Mwizi wako haonekani ukiwa mbele."

Wenzao wakacheka. Mama Atuganile akakaza kanga, akapanda.

Wakaupanda mlima, wakageuza. Kuteremka, Subilaga akaondoa mguu kwenye mafuta, gari likashuka taratibu likizuiwa na gia. Walipofika bondeni akakanyaga mafuta. Nyuma likatoka wingu la moshi wa buluu, likamfunika mwenyekiti na vyungu vyake.

Subilaga akasimamisha gari, akashuka bila haraka. "Umemwona, mama?"

Mama Atuganile alikohoa mpaka machozi. "Nimemwona. Tena ananuka oili."

"Ndani mna vimpira vya kuizuia isiingie motoni. Vimezeeka. Tukiteremka injini inaivuta, nikikanyaga inaungua. Itadondokaje chini?"

Wiki ile fundi akaifungua injini, akavitoa vimpira vigumu kama kucha. Mama Atuganile akavipitisha mkono kwa mkono mbele ya kikundi. "Miaka arobaini ninafinyanga," akasema, "nikadhani kila kitu ni chungu. Binti huyu hakuiba. Anaijua kazi yake kuliko mimi ninavyolijua jivu."

Siku ya mnada Subilaga alipita katikati ya kijiji akipiga honi, akina mama nyuma wakipiga vigelegele. Na tangu hapo, anayepotewa na kitu akakimbilia kumshika mwenzake kwa wizi, wafinyanzi humwambia: kisichodondoka jivuni, kitafute moshini.