Zimwi Lililoshika Nguzo

Nguzo alisimamisha, bustanini kwa taabu,
Mwisho pumzi kashusha, akaepuka adhabu.

Tegeni masikio. Mwanamize alikuwa akisimika nguzo ndefu bustanini, mitambuu yake ipate pa kutambaa. Akasimika, likatokea zimwi, likang'oa. Akasimika, likang'oa. Akasimika tena, likang'oa likicheka.

"Jua likizama hapajasimama nguzo, bibi, nakumeza na kanga zako!"

Mwanamize akajibu: "Kung'oa hata mbuzi ang'oa, babu. Kazi ni kushika, nami sidhani utaweza."

"Mimi nisiweze? Ilete!"

Likaikumbatia nguzo, naye Mwanamize akashindilia udongo kwa mchi. Sasa jueni mwiko wa wasimika nguzo: aliyeshika haachii mpaka mshindiliaji atamke "achia". Akiachia kabla, ardhi humla mzimamzima.

Nguzo ikakaa imara.

"Haya, sema achia!" zimwi likanguruma.

Mwanamize akakung'uta kanga, pumzi ikamshuka taratibu. "Shika vyema, babu. Mie nakwenda kula."

Jua lilizama Mwanamize ameketi jikoni, anakula wali wake. Lililobaki limesimama bustanini ni zimwi.