Komamanga la Juu ya Mnara

Hapo zamani, si zamani ile ya wanyama kusema, ila zamani ya kutosha kwa waliokuwa watoto siku hizo kuwa na mvi leo, palikuwa na mji mdogo wa pwani, na katika mji ule palikuwa na nyumba iliyosifika kwa jambo moja tu. Utajiri haikuwa nao. Paa lake lilivuja kila masika. Ilisifika kwa mnara wa matunda.

Kila Idd Mosi mwenye nyumba ile, Bi Mwanakombo, aliweka mezani sinia kubwa la shaba, akalitandika majani ya mgomba, na juu yake akajenga mnara wa kuliwa. Chini aliweka tikiti maji lililochongwa ukingo meno meno. Juu ya tikiti, nanasi limesimama wima. Kulizunguka nanasi, mapapai yaliyochongwa yakawa mawaridi, maembe, ndizi sukari, machungwa, na zambarau zilizotungwa kwenye vijiti vya chelewa kama shanga. Na kileleni, peke yake, komamanga moja zima na taji lake. Mkomamanga wenyewe aliupanda marehemu mumewe uani, mwaka waliooana.

Mnara ule ulikuwa na sheria yake. Haukatwi mpaka wageni wauone. Wageni wakishauona na kuusifu, ndipo mwenye nyumba hulishusha komamanga, hulipasua kwa mkono wake, akamtilia kila mtu punje chache kiganjani, na karamu ikaanza. Kabla ya hapo hata zambarau haichomolewi.

Mnadhani nawatania? Idd moja, mtoto wa Mwanahamisi, mdogo wake Bi Mwanakombo, kitoto cha miaka mitano, kilichomoa zambarau moja. Moja tu. Bi Mwanakombo akakizaba kofi mbele ya wageni wote. Kofi la zambarau! Mwanahamisi hakupiga kelele. Alimshika mwanawe mkono, akasema, "Dada, kaa na mnara wako," akatoka. Kwa miaka kumi na mmoja hakukanyaga tena kizingiti kile, na kati ya nyumba zao ilikuwapo mitaa miwili tu.

Watoto watatu wa Bi Mwanakombo waliliona kofi lile. Mbwana, mwanamume peke yake na mkubwa wao. Tunu wa katikati. Na Mishi, kitinda mimba, aliyekuwa na miaka kumi. Tangu siku ile Mishi akipita karibu na mnara alifumbata mikono mgongoni, isije ikamponza.

Basi siku zikenda, Mishi akakua, na Bi Mwanakombo akaugua. Aliugua ugonjwa wa kupungua, leo kidogo, kesho kidogo, hata Ramadhani ilipoingia akawa wa kitandani. Na mkomamanga nao mwaka ule ukazaa tunda moja tu.

Mwezi ulipobaki siku sita, aliwaita wanawe watatu.

"Nataka tuyamalize mimi na ndugu yangu," akasema. "Mbwana, nenda kwa mama yenu mdogo. Mwambie Idd hii aje. Komamanga tutalipasua pamoja, mkono wake na wangu. Na mnara asiuguse mtu, yeyote awaye, mpaka Mwanahamisi auone kwa macho yake. Niapieni."

Mbwana akaapa. Tunu akaapa. Mishi akaapa.

Mbwana akaenda, na Mwanahamisi akamsikiliza huku anapeta mchele. Alipeta, akapeta, kisha akasema, "Nitakuja."

Sasa nani wa kujenga mnara? Mikono ya Bi Mwanakombo haikuweza tena hata kushika kikombe. Kazi ikamwangukia Mishi, naye hakuwa amewahi kuchonga hata tango. Siku tano alijifunza, akiharibu mapapai, akijikata vidole, mama yake akimwelekeza toka kitandani kwa sauti ya chini: "Kisu kilaze, mwanangu. Papai halitaki nguvu." Na yote hayo akiwa amefunga, harufu ya embe puani na asionje.

Alfajiri ya Idd akaumaliza. Akaunyunyizia maji ya ndimu matunda yasigeuke rangi. Akapanda kigoda, akaliweka komamanga kileleni, akashuka, akarudi nyuma hatua tatu. Nami nawaambia, mnara ule ulikuwa mzuri kuliko yote aliyopata kujenga mama yake. Mishi aliuona hivyo, akaona haya kuuona hivyo, akazidi kuuangalia.

Kitanda cha mama walikuwa wamekihamishia ukumbini ili awapokee wageni. Bi Mwanakombo akafungua macho, akautazama mnara kutoka chini hadi juu. Siku ya nne ile hakuwa ametia kitu tumboni ila matone ya uji.

"Mishi," akasema, "umenishinda." Kisha akasema, "Nipe punje mbili za komamanga."

Mishi alikuwa amesimama na kisu mkononi. Kigoda kilikuwa palepale; angepanda tu, komamanga lingekuwa mkononi mwake. Akautazama mnara, akamtazama mama. Komamanga likishapasuliwa halifungiki tena, na mnara usio na kilele ni lundo la matunda.

"Mama, ngoja kidogo," akasema. "Mama Mdogo anakuja sasa hivi."

"Haya," akasema mama.

Na mnara ukasimama.

Mishi alipokwenda kuoga, Bi Mwanakombo akamgeukia Tunu, aliyekaa kitandani miguuni pake tangu ugonjwa ulipoanza.

"Tunu, nipe punje mbili."

Tunu akaenda jikoni mbio, akakamua chungwa, akalichuja, akaleta kwa kijiko. Bi Mwanakombo akageuza uso. "Si hilo, mwanangu."

"Ni tamu hili, Mama. Jaribu."

"Najua ni tamu. Si hilo."

Na mnara ukasimama.

Mbwana akarudi kutoka swala ya Idd, kanzu inanukia udi. Akainama akambusu mama yake mkono, akampa mkono wa Idd. Mama hakumwachia.

"Mbwana, nipe punje mbili za komamanga la baba yenu."

Mbwana akapiga magoti. "Mama, wewe mwenyewe uliniapisha. Ulisema asiuguse mtu mpaka Mama Mdogo auone."

Bi Mwanakombo akafikiri. "Nilisema?"

"Ulisema, Mama."

Akatabasamu. "Basi, kama nilisema." Akaulegeza mkono wake.

Na mnara ukasimama.

Mbwana hakukaa. Akatoka hima hadi kwa mama yake mdogo. Akamkuta mbele ya kioo, doti tatu za kanga zimetandazwa kitandani, kavaa ya nne.

"Mama Mdogo, twende. Mama anakungoja."

"Tangulia. Nakuja."

"Amedhoofu, Mama Mdogo."

"Nimekwambia tangulia, Mbwana. Siji kwa dada yangu kama nakimbizwa."

Mbwana akatangulia. Mwanahamisi akavua kanga ile, akavaa nyingine, akaivua, akarudia ya kwanza. Kisha akakaa kitandani, mikono magotini, akakaa tu. Jua likapanda.

Alipofika, mlango ulikuwa wazi na ubani unafuka. Akavuka kile kizingiti cha miaka kumi na mmoja, na kitu cha kwanza kukiona kilikuwa mnara. Akasimama. Lile neno gumu alilokuja nalo likamtoka akilini.

"Ee, dada," akasema, "mwaka huu umesimama, wallahi. Nausifu." Akageuka kumwambia dada yake usoni.

Bi Mwanakombo alikuwa amelala ubavu, uso ameuelekeza kwenye mnara. Tunu alidhani kapitiwa na usingizi, akawa anawapungia nzi wasimsumbue. Mwanahamisi akamshika kiganja. Aliketi chini, sakafuni, na kanga yake mpya, ndipo Tunu alipofahamu, ndipo Mishi alipoingia anacheka na sahani za wageni mikononi.

Walimzika baada ya swala ya alasiri. Idd ile mji mzima ulikula kwa sauti ya chini.

Matunda ya mnara yaligawiwa watu wa msiba, tikiti na mapapai na zambarau zake, wakala bila kujua wanakula nini. Komamanga halikuliwa. Kila aliyetaka kulishusha, mkono ulirudi. Siku ya tatu, baada ya hitima, watu walipotawanyika, Mwanahamisi akalichukua, akaliweka katikati ya mkeka, na hao wanne wakaketi wakilizunguka.

"Tunda hili liliwekewa mikono miwili," akasema Mwanahamisi. "Mmoja uko mchangani. Halifai kuachwa likaoza hivihivi, ni la shemeji, ni la dada. Alipasue mmoja wetu, amtilie kila mtu punje zake, tule, tumuombee. Lakini alipasue mwenye kosa dogo kuliko wote. Na mimi siye, nawaambia mapema. Kanga zangu zote zilikuwa safi. Mbwana alipokuja nilikuwa tayari. Nilichelewa kusudi. Nilisema, nimemngoja dada miaka kumi na mmoja aniambie 'nisamehe', naye aningoje kidogo tu, aonje ladha ya kungoja. Nilimpimia saa moja. Sikujua ndiyo aliyokuwa nayo."

Mbwana akasema, "Mama Mdogo, usijitwike. Wewe hukusikia anaomba nini. Mimi niliombwa, nikamjibu kwa kiapo. Mama mgonjwa ananishika mkono, nami namkumbusha alichosema juzi, kama karani! Nilijiambia nalinda neno lake. Uongo. Wageni wangu walikuwa njiani, nami ndiye mwenye nyumba sasa, nilitaka wakute kila kitu mahali pake. Alipouliza 'Nilisema?' ningejibu 'Hapana, Mama, hukusema.' Dhambi ya uongo ule ningeibeba. Nyepesi kuliko hii."

Tunu alikuwa anachuma nyuzi za mkeka.

"Kaka aliombwa mara moja," akasema hatimaye. "Mishi mara moja. Kila mmoja wenu alidhani mama kataja tu, tamaa ya mgonjwa, itapita. Mimi nilikuwapo kitandani mara zote tatu. Nilimsikia anaomba, anakataliwa, anasema 'haya'. Mara tatu. Mimi peke yangu nilijua si tamaa. Nami nikaleta chungwa! Nilisema moyoni, mnara ni wa Mishi, nyumba ni ya Kaka, waamue wenyewe. Mimi ni wa kupepea tu."

Ikabaki zamu ya Mishi. Siku tatu alikuwa hajalala kwa jambo moja dogo, na jambo lenyewe hakuweza kulisema bila kulia, kwa hiyo alilisema akilia.

"Meza iko ukutani," akasema. "Mnara una upande wa nyuma. Ningepanda kigoda, ningelitoboa komamanga kwa nyuma, huko linakotazama ukuta. Tundu dogo tu, la punje mbili. Mama angekula, Mama Mdogo angelikuta zima, kiapo kingekaa na asingejua mtu. Kisu nilikuwa nacho mkononi! Mnajua kwa nini sikulifikiria? Kwa sababu nilikuwa nautazama. Nyinyi mlikuwa na kiapo, mlikuwa na kinyongo, mlikuwa na woga. Mimi nilikuwa na mnara mzuri. Nilitaka usifiwe. Mama alishausifu, aliniambia nimemshinda, na bado nikataka usifiwe na wengine."

Mbwana akasema polepole, "Na sheria yenyewe, jamani, aliiweka nani? Na kiapo alitaka nani? Kofi lile..."

"Usimtie mama humu!" akafoka Mishi.

"Simtii. Nauliza."

Mwanahamisi aliinamisha kichwa, maana shavu lililopigwa lilikuwa la mwanawe, na aliyelipiga alikuwa dada yake, na siku ile hakujua tena amkasirikie nani.

Komamanga lilikaa pale mkekani. Mbwana alimsukumia Tunu, Tunu akamsukumia Mishi, Mishi akamsukumia Mama Mdogo. Lilizunguka likarudi lilipotoka. Mpaka adhana ya magharibi hapakuwa na mkono uliolipasua.

Mishi akaliweka katika kabati la vyombo. Halikuoza. Lilikauka, ganda likawa gumu kama ubao, taji limesimama vilevile. Alizeeka nalo. Mnara hakuujenga tena, ingawa watu walimuomba, na mikono yake ilikuwa bado inajua. Kila Idd hulitoa, akalifuta vumbi, akaliweka mezani peke yake, na kabla ya kulirudisha hulitikisa karibu na sikio. Punje zinasikika ndani.

Mimi nimewapa kama nilivyopewa, sikupunguza wala sikutia chumvi. Sasa nyinyi mliokaa mkanisikiliza, mkaguna, mkatikisa vichwa, msiniinukie mkaenda zenu. Yuko aliyechelewa kusudi. Yuko aliyeshika kiapo akamwachia mama. Yuko aliyesikia mara tatu akanyamaza. Yuko aliyeipenda kazi ya mikono yake kwa dakika moja kuliko ilivyofaa. Na yuko aliyelala mchangani, aliyewafundisha wote kwa kofi kwamba mnara hauguswi, kisha akaomba punje mbili.

Komamanga lingali zima. Je, nani alistahili kulipasua?