Nundu ya Bao la Vumbini

Sogeeni, na anayetaka kusinzia akasinzie kwao. Kisa hiki kimewashinda watu wenye ndevu, sembuse ninyi.

Walikuwepo vijana watatu, na kila mmoja Mungu alimpa chake.

Luhende wa Nyuki FC alipewa mguu wa kushoto. Akipiga, mpira unalia. Ila aibu aliyokuwa nayo! Akifunga bao anainamisha kichwa na kurudi katikati ya uwanja kama mtu aliyevunja chungu cha jirani.

Malimi, kipa wa Radi FC, alipewa mikono mirefu na ulimi mnyoofu. Shangazi yake akimuuliza kama ugali umeiva, anajibu, "Haujaiva, shangazi," huku anaumeza.

Na Nkwabi? Nkwabi wa Nyuki hakupewa mguu wala mikono. Alipewa mbwembwe! Akishangilia bao, hata la mwenzake, wagonjwa wanatoka vitandani kuja kutazama. Watu wakamsema, "Huyu hachezi mpira, anauchezea." Yeye akawajibu, "Mpira bila shangwe ni msiba uliovaa jezi."

Basi ikafika fainali. Zawadi ilikuwa fahali wa Mama Kabula, mwenye bucha, na sharti lake lilijulikana: nyama ni ya timu nzima, lakini nundu haikatwi. Inachomwa nzimanzima, anapewa mmoja tu, yule aliyeleta bao la ushindi.

Asubuhi hiyo bibi yake Nkwabi, aliyemlea tangu utotoni, alimshika sikio. "Wewe mume wangu, kila Jumapili unaniletea soksi zinazonuka. Leo usiponiletea nundu, mpira basi. Kesho unahamia shambani kufukuza ndege kwenye mpunga."

"Bibi, saga pilipili kabisa!" akajigamba Nkwabi. Lakini njiani alipunguza mwendo, akiwaza. Ndege hawapigi makofi, na mtu kama yeye bila makofi si angenyauka?

Mechi ilichezwa uwanja wa mnada wa ng'ombe. Kiangazi, vumbi kama unga, magoli ya miti, nyavu hakuna. Mpira ukipita karibu na nguzo, ndani au nje, ni macho yako tu na Mungu wako.

Walisumbuana bila bao mpaka jua likaanza kuchoka. Ndipo Luhende akaupata mpira, akaachia ule mguu wake. Vumbi puu! Mpira ukapita, ukaenda kusimama kwenye zizi la mbuzi. Refa akapikicha macho. Hakuona kitu. Akamtazama mpigaji, na Luhende huyoo, kichwa chini, anarudi katikati. Refa akajisemea, "Huyu kakosa." Akanyoosha mkono: golikiki.

Nkwabi alikuwa kando ya nguzo na aliuona mpira ukipita ndani. Wenzake wakamvamia refa kwa makelele, wakaambulia kadi za njano. Yeye akang'oa mti wa kona, akaurusha juu kama jembe la mcheza bugobogobo, ile ngoma ya Wasukuma, akaudaka mgongoni, akapiga sarakasi, akakata kiuno, akatimua vumbi kwa magoti. Vigelegele vikapasuka. Hata mashabiki wa Radi wakajikuta wanapiga makofi.

"We Nkwabi!" refa akafoka. "Unashangilia golikiki?"

"Nashangilia bao, refa! Mtu anakatika hivi kwa golikiki? Muulize mwenye mlango!"

Refa akasita, akamgeukia Malimi. Wenzake wa Radi wakamkonyeza. "Kohoa, Malimi! Zimia! Fanya chochote, usiseme tu!"

Malimi akajikuna kichwa. "Ulipita ndani, refa. Chini ya kwapa langu hili."

Bao! Filimbi ya mwisho ikalia, Nyuki bingwa. Radi walimnunia kipa wao mpaka harufu ya nyama ilipowafikia, maana Nyuki waliwaalika wote. Nani anune mbele ya mbavu?

Mama Kabula akaiinua nundu, mafuta yakidondoka. "Aliyeleta bao ajitokeze."

Luhende alisukumwa mbele. Kwa mara ya kwanza watu wakaisikia sauti yake. "Mguu ni wangu."

"Mguu wako ulilifunga, kichwa chako kikalifuta!" akadakia Nkwabi. "Bila kiuno changu, bao lako lingekuwa bado linalala na mbuzi."

"Na bila mguu wangu ungekatikia nini?"

Nahodha wa Radi akapasua kicheko. "Ninyi wote pigeni domo tu. Bao lilihesabiwa kwa mdomo wa kipa wetu."

"Kipa apewe nundu kwa kufungwa?" mama mmoja akashangaa. "Makubwa!"

"Mimi nimeulizwa, nimejibu," akasema Malimi. "Ila mkinipa, sikatai. Nayo ni kweli."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega, isipokuwa Nkwabi, ambaye masikioni alikwisha kuanza kusikia ndege wa mpunga.

Mama Kabula aliwatazama watatu hao, akashindwa. Akawageukia watu, nao wakashindwa. Sasa nawageukia ninyi, mnaojua kila kitu. Luhende aliyefunga na kunyamaza, Nkwabi aliyeshangilia asichofunga, au Malimi aliyesema kweli ikamfunga? Na usiniambie wagawane. Kisu anacho Mama Kabula, na ameshasema haikatwi. Nundu inapoa. Wewe ungempa nani?