Mshonaji Aliyekimbia Kimya

Ukishindwa kuitikia, mwendo si wako. Mmeisikia leo asubuhi, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza imetoka wapi. Haya, kaeni. Asili yake ni hii.

Milimani Usambara, katika kijiji cha Kwemvumo, watu walikuwa na desturi ya kukimbia mchakamchaka kila asubuhi. Mmoja huimba, wengine huitikia, na miguu hufuata wimbo. Ukungu wa kule ni mzito kama uji, humwoni aliye hatua tatu mbele yako. Wakimbiaji walijuana kwa sauti tu, na aliyewasikia kitandani alidhani nyimbo zinajitembeza zenyewe barabarani.

Shekiondo, fundi cherehani wa miaka hamsini na miwili, alijiunga nao kwa sababu moja. Binti yake Nasimu, aliyeolewa ng'ambo ya mlima, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Siku ya arobaini ya mtoto, kikundi kingekimbia hadi kijijini kwa Nasimu, na Shekiondo alishatuma salamu kwamba atafika nao, kwa miguu yake, ampe mjukuu jina. Jina lilikuwa likimngoja yeye.

Desturi ilimtaka mgeni akae mkiani, akimbie kidogo, atembee kidogo. Shekiondo akasema miguu iliyokanyaga cherehani miaka thelathini haihitaji kufundwa. Masikini, cherehani haina mlima. Siku ya tatu alikuwa mbele na vijana. Pumzi ilipomwishia, akawa anachezesha midomo bila sauti. Nani angemwona ukunguni?

Siku ya kumi mfupa wa muundi ulianza kumchoma, naye asimwambie mtu. Siku ya kumi na mbili mguu ukakataa kabisa, akaketi kando ya njia. Wenzake walipita, wimbo ukafifia, na hakuna aliyejua kwamba amebaki. Alikaa katika weupe ule asijue kama yu macho au amelala, akalia, maana aliliona jina la mjukuu likimponyoka.

Kilio hicho ndicho kilichosikiwa na Mwanamkasi, mama muuza chai, ambaye siku hiyo alikuwa mkiani na wageni. Alichuchumaa, akaushika ule mguu.

"Unauma tangu lini, kaka?"

"Siku ya tatu leo."

"Mimi siku ya tisa leo sijasikia sauti yako. Nilidhani umeacha."

"Pumzi haikutosha kukimbia na kuitikia, dada."

"Basi mwendo haukuwa wako. Uliazima wa vijana, na huu mguu ndio unaolipa."

Mwanamkasi alimpa masharti: apumzike siku kumi, kisha atembee, kisha akimbie mkiani, na kila akishindwa kuitikia apunguze mwendo hata kama konokono atampita. Shekiondo aliona aibu, lakini alimpenda mjukuu kuliko aibu yake.

Siku ya arobaini ikafika. Nasimu, aliyekuwa akitoka nje kwa mara ya kwanza, alisimama uani na mtoto kifuani. Vijana walitokeza ukunguni wakiimba, wakapita. Akawauliza habari za baba yake, wakasema hawakumsikia mbele. Akaona mzee ameshindwa njiani.

Alikuwa ameshageuka kuingia ndani aliposikia wimbo mwingine ukija kwa mbali, mdogo, wa polepole, na ndani yake sauti nzito aliyobembelezwa nayo utotoni. Hakumwona mtu. Alitembea hadi barabarani, katikati ya ule ukungu, akaanza kuitikia naye, ili baba yake ajue pa kusimama. Shekiondo aliifuata sauti ya mwanawe hatua kwa hatua, akiimba, mpaka mkono wake ukagusa shuka la mtoto.

Mtoto alipata jina asubuhi hiyo. Na Kwemvumo, hadi leo, mgeni wa mbio haambiwi mengi. Huambiwa hili tu: ukishindwa kuitikia, mwendo si wako.