Majani ya Amana

Wametusimulia wazee wetu kwamba palikuwa na mja mwema aitwaye Nufaili bin Asbagh, mchungaji wa bonde moja la mbali, ambaye jamaa zake walimpa amana ya kulinda malisho. Majani ya bonde lile hayakupandwa na mtu. Mwenyezi Mungu ndiye aliyeyaotesha, nayo yalisitawi wakati wa joto, majani mengine yakiwa yamekwisha kukauka. Nufaili akaweka sharti, na wote wakaliridhia: ng'ombe wasiingie mpaka majani yafike gotini, na watolewe yanapobaki shibiri moja, yapate kuchipua tena. Mnyama akiingia kabla ya siku, zizi zima la mwenyewe litakaa nje duru ya kwanza yote, yaani mzunguko mzima wa zamu za kulisha.

Mwaka mmoja mvua zikachelewa. Ng'ombe walikonda, na majani yalikuwa hayajapita kifundo cha mguu. Jundubu, aliyewashinda wote kwa wingi wa mifugo, akamjia Nufaili na watu nyuma yake.

"Ewe Nufaili, majani ni ya Mungu. Mbona unawazuilia viumbe wake?"

"Ni ya Mungu," akajibu, "na mizizi pia ni yake. Tukiyala sasa tutashiba siku tatu, kisha tutakaa na vumbi mwaka mzima. Subirini, ndugu zangu."

Wakarudi wakinung'unika.

Kesho yake adhuhuri, watu wakiwa wamejipumzisha, ng'ombe wa maziwa wa Nufaili akavunja ua wa miiba, akaingia, akala kipande kizima hadi udongo ukaonekana. Mkewe, Bi Umaima, ndiye aliyemkuta na kumtoa. Hapana mwingine aliyeona. Nufaili alipoelezwa akasema, "Nikilitangaza hili, watu watayavamia malisho leo hii. Huenda kunyamaza ndiko kulinda amana."

Bi Umaima akamtazama. "Mume wangu, unalinda majani, au unalinda jina lako?"

Neno lile likamchoma. Akatawadha, akaenda msikitini, na baada ya sala ya alasiri akasimama akawaeleza watu yote yaliyotokea.

"Ng'ombe wa mlinzi ametufungulia mlango!" akasema Jundubu. "Twendeni!"

Baadhi wakainuka. Nufaili hakupaza sauti. "Mimi ndimi niliyekosa, na hukumu naibeba. Zizi langu litakaa nje duru nzima. Atakayeingia leo, naye ajiandae kuibeba yake."

Akatoka, akawaswaga ng'ombe wake mbele ya msikiti, machoni pa wote, kuelekea majabalini, ambako hakukuwa na kitu ila miiba. Waliosimama wakaketi mmoja mmoja.

Zikapita siku kumi na saba. Nufaili akafiwa na mitamba wawili, akalia, akamhimidi Mola wake. Kisha mvua ikanyesha, majani yakafika gotini, na ng'ombe wakaingizwa kwa zamu, sehemu baada ya sehemu. Kile kipande kilicholiwa mapema tu ndicho kilichobaki kipara. Jundubu akasimama pale muda mrefu, kisha akapanda majabalini.

"Ningalipata nilichokitaka, bonde zima lingalikuwa vile," akasema. "Teremsha ng'ombe wako, ndugu yangu, wale katika zamu yangu."

"Mungu akulipe kheri. Lakini duru haijaisha."

Jundubu akateremka bondeni. Asubuhi akarudi akihema, na kichwani pake pana mzigo wa majani aliyoyakata kwa mkono wake katika fungu lake.

"Sharti linawazuia ng'ombe wako kuingia," akasema. "Halinizuii mimi kutoa."

Nufaili akaupokea mzigo kwa mikono miwili. Na kila asubuhi, hadi duru ilipokwisha, Jundubu alipanda na mzigo mwingine.

Ndugu yangu msomaji, mawaidha ya Nufaili yaliwazuia watu siku moja. Kukiri kwake kuliwazuia hadi mvua. Mola atujaalie wepesi wa kujihukumu sisi kabla ya kuwahukumu wenzetu.